Shangazi, mume wangu amejenga ndege gerejini na sasa anataka kuirusha

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Minnesota, Marekani, ninakoishi na mume wangu na binti yetu Neema, mwenye miaka 14. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Tuna miaka 17 ya ndoa na hatujawahi kugombana kwa ajili ya pombe wala wanawake. Ugomvi wetu ni ndege.

Ninaposema ndege usifikiri ni ya kuchezea. Ni ndege ya watu wawili, ya alumini, inajengwa gerejini kwetu na huu ni mwaka wa saba. Alianza kwa kununua mkia. Likaja kasha limejaa mabati membamba yenye matundu na kitabu kinene cha michoro, akaniambia ni kitu cha kumshughulisha wakati wa baridi. Kumbe ndivyo zinavyouzwa: mkia kwanza, baadaye mabawa, baadaye kiwiliwili, kisha vikorokoro vya kumalizia. Injini unajitafutia mwenyewe.

Magari yetu yanalala nje kwenye theluji. Januari, kabla ya kwenda zamu, nakwangua barafu kwenye kioo mpaka vidole vinakufa ganzi, huku gerejini hita inawaka kwa ajili ya mabati.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa na akiba ya nyumba yetu ya Kigamboni. Ilikuwa imefika kwenye lenta. Akiba yote iliishia kwenye injini. Hakuniuliza, alinitaarifu. Mpaka leo nyumba iko kwenye lenta, na mvua mbili zimeinyeshea.

Sisemi kwamba simwelewi. Alikulia Kisongo, Arusha, jirani na uwanja wa ndege, na mama yake ananiambia alichapwa mara nyingi kwa kutoroka shule kwenda kuzitazama zile ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti. Nyumbani hakuongea sana tangu nimjue, lakini gerejini anaongea. Jumamosi huja wazee wa Kizungu, wastaafu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Mmoja anashika bunduki ya kugongea ribiti, vile vipini vinavyounganisha mabati, mwingine anashikilia chuma upande wa pili. Neema ndiye aliyekuwa akitambaa ndani ya mkia kwa sababu ana mwili mdogo. Anajua majina ya vifaa vyote. Mimi katika miaka saba nimeingia humo labda mara kumi.

Watanzania wenzetu wanamwita Kapteni. Kwenye kikao cha msiba mmoja alimuuliza mbele za watu kama hiyo ndege ya mabati itafika Dar. Watu wakacheka, naye akacheka. Ndani ya gari hakusema neno mpaka nyumbani.

Sasa ndege inakaribia kuisha. Amekodi nafasi kwenye kiwanja kidogo, mkaguzi atakuja Mei, na anasema ataiondoa ardhini mwenyewe. Leseni ya urubani aliipata miaka miwili iliyopita, na mwaka jana mzima aliruka jumla ya kama saa 11 tu, kwa sababu ya lori na kwa sababu pesa zote zinaenda kwenye ndege. Zamani alikuwepo mzee mmoja aliyekuja na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, akichungulia kila pembe, lakini walikosana vuli iliyopita kuhusu tangi la mafuta na hajaja tena. Siku hizi mume wangu anafanya kazi peke yake usiku akirudi safari. Halafu amemwahidi Neema kwamba atakuwa abiria wake wa kwanza, na mtoto ameshatangaza shuleni.

Shangazi, nimefika mahali nataka kumwambia achague, ndege au mimi. Dada yangu yuko Dar, ananiambia nisimvunje moyo mwanaume mwenye ndoto. Rafiki yangu wa kanisani ananiambia nimshitaki kwa mamlaka wamzuie. Nifanyeje?

Mama Neema, Minnesota

*

Marahaba, Mama Neema.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirishwa na ile lenta. Mara ya pili nilihuzunika kwa kile kicheko cha msibani. Mara ya tatu nikasimama kwenye sentensi ambayo wewe uliipita upesi kama jambo dogo: mzee wa tochi hajaja tena tangu vuli. Naanzia hapo. Kigamboni nitaifikia.

Mimi nimeishi Wisconsin, jirani zako, miaka 26. Marehemu mume wangu alijenga ndege ya mbao. Kwa miaka mitatu ya mwanzo nilifanya kama ulivyofanya, nikapita mlango wa gereji kama mtu anayepita nyumba ya hawara. Siku niliyoingia kwa kweli niliitwa kushika taa. Rafiki yake mmoja alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, akatoa mkono na kusema, "Hii nati inazunguka kwa vidole." Ilikuwa nati ya bomba la mafuta. Mume wangu aliikaza kwa mkono ili aje kuimalizia kwa spana, simu ikalia, akaenda kuipokea, na wiki iliyofuata akili yake ikamwambia kazi ile imekwisha. Hakuwa mzembe. Nilioana na mtu aliyekuwa akipanga misumari kwa urefu. Jicho lake lilikuwa limekwisha kuizoea ile nati, likawa halioni tena.

Tangu siku hiyo kila nati iliyokazwa kwa spana ya kipimo ilipakwa tone la rangi ya machungwa, nusu kwenye nati na nusu kwenye bomba. Nati ikisogea, tone linakatika na unaona. Wajenzi wengi hufanya hivyo. Chungulia chini ya boneti ya ndege yenu leo. Utayaona hayo matone, au hutayaona.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo jambo hili sihitaji kukueleza sana. Damu haitundikwi kwa mgonjwa mpaka wauguzi wawili wasome jina na namba kwa sauti. Si kwa sababu mmoja wao hajasoma shule. Gereji za watu hawa zinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo, na ndiyo maana ya wale wazee wenye vikombe vya kahawa. Usiwaone kama kijiwe.

Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujijengea ndege mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Sasa huyo mkaguzi wa Mei atapitia makaratasi, picha na daftari la kazi, atazunguka ndege, ataangalia kinachoonekana. Hawezi kubandua bati la bawa aone ribiti za ndani. Kilichofungwa kimefungwa. Kwa hiyo ukaguzi wenye maana ni ule unaofanyika katikati ya kazi, bawa likiwa bado wazi, na serikali haiwezi kuja gerejini kwenu kila mwezi. Anayekuja ni mzee wa tochi.

Paul Poberezny alipoanzisha chama cha wajenzi, EAA, huko Milwaukee mwaka 1953, hicho ndicho kilichokosekana: watu waliokuwa wakijenga kila mmoja peke yake, bila wa kumwuliza. Kwa miaka ya mwanzo chama kiliendeshwa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na mkewe Audrey ndiye aliyechapa barua na kuwajibu wanachama. Huwa namfikiria sana huyo mama. Leo chama hicho kina washauri wa ufundi wanaokuja kukagua kazi yako bure, wengi wao ni watu waliokwisha kujenga. Ninaamini mzee wenu ni mmoja wao, au ana moyo kama wao.

Na wewe umekaa miaka yote hiyo kwenye jimbo la Bernard Pietenpol pengine bila kujua. Huyo alikuwa mtu wa kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, aliyejifundisha mwenyewe, na mwaka 1929 alirusha ndege ya mbao na kitambaa yenye injini ya gari la Ford Model A. Mhariri mmoja wa jarida la ufundi alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haiwezi kufanya kazi hiyo, basi Pietenpol na rafiki yake wakaruka na ndege mbili wakamfuata huko karibu na Minneapolis. Mpaka leo watu wanajenga kwa michoro yake. Mumeo hajaanzisha wazimu mpya. Ameingia kwenye kazi yenye mababu, na baadhi yao wamezikwa si mbali na nyumbani kwenu.

Hayo nimeyasema kwa heshima yake. Sasa nasema ya kukutia hofu, kwa sababu hofu yako ina msingi.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa ripoti mwaka 2012 kuhusu ndege za kujijengea. Zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini mwaka 2011 zilihusika na kama asilimia 15 ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sababu zilizojitokeza zaidi ni injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuimudu ndege. Na ajali nyingi zilitokea mapema, kwenye safari za mwanzo, iwe ni kwa mjenzi au kwa mtu aliyeinunua kwake. Weka kando ya takwimu hizo saa 11 za mwaka jana na tangi ambalo watu wamekosana juu yake. Unaona kwa nini nilisimama.

Tena mfumo wa mafuta si mahali pa kufanyia ubishi. Mwimbaji John Denver alikufa Oktoba 1997 kwenye ghuba ya Monterey, California, akiwa na ndege aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua karibuni. Mjenzi wake hakuweka valvu ya kuchagua tangi la kutoa mafuta mahali ilipochorwa na mbunifu. Aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi waliona kwamba kuifikia ilimlazimu rubani ajipinde akiwa angani, na ndege ikamponyoka. Mjenzi yule bila shaka alikuwa na sababu zake siku alipoamua kuiweka pale.

Kwa hiyo usimwambie achague. Nakusihi. Mtu aliyeambiwa ndege au mimi hataacha. Atamaliza haraka, usiku, bila shahidi, ili siku moja akuthibitishie. Tayari anafanya hivyo. Na usiende kwa mamlaka, maana hajavunja sheria yoyote na wewe utakuwa umeongeza idadi ya watu anaowafungia mlango. Dada yako naye anakosea. Ndoto ya mtu haiharibiki kwa kukaguliwa.

Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Ndege itaruka. Mimi nitakuwepo kiwanjani siku hiyo. Lakini haitaruka mpaka mzee arudi na aseme amekubali." Sharti ni hilo moja, na unalisema kama mke, bila machozi na bila kutaja Kigamboni. Akikuuliza wewe unajua nini kuhusu ndege, mwambie unajua kusoma namba ya damu kwa sauti.

Ninavyoona mimi, mzee alimwambia tangi libomolewe lirudiwe. Tangi la ndege kama hiyo huzibwa kwa gundi nzito nyeusi inayong'ang'ania kila kitu, na kulirudia ni adhabu ya wiki nyingi. Mwanaume aliyechekwa na watu wake msibani, akaja kuambiwa na mtu aliyemheshimu kwamba kazi yake haifai, alishindwa kubeba yote mawili. Mficha uchi hazai, lakini tusimlaumu mtu kabla ya kukumbuka ni nani waliomfundisha kuona haya. Muulize Neema kama walishawahi kulipima kwa puto. Wajenzi hufunga puto kwenye mdomo wa tangi, wanalijaza hewa kidogo, wanapaka maji ya sabuni kwenye viungo, wanatafuta mapovu, kisha wanaliacha waone kama puto litanywea. Mtoto atakuambia kweli.

Kuhusu siku ya kwanza kuruka. Saa 11 kwa mwaka hazitoshi, na yeye mwenyewe anajua. Atafute mwalimu mwenye ndege ya aina hiyohiyo aruke naye mpaka mikono yake izoee. Kampuni nyingi za bima hudai hivyo hata kama yeye hataki. Tangu mwaka 2014 pia upo utaratibu unaoruhusu rubani wa pili mwenye sifa kukaa naye tangu safari za majaribio, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Au amkabidhi mtu mzoefu airushe kwanza, yeye asimame na wewe kwenye nyasi. Marehemu wangu alifanya hivyo. Alilia kama mtoto, na ilipotua akakumbatia gurudumu. Kabla ya yote hayo, injini ipimwe kama mafuta yanaifikia ya kutosha pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kama inavyopanda, kwa sababu ndege inayopata mafuta ikiwa tambarare gerejini si lazima iyapate ikiwa inakwea.

Neema hapandi. Katika hili hakuna mazungumzo, na si mimi ninayesema. Kwa saa 25 au 40 za mwanzo, kutegemea injini na pangaboi, au mpaka majaribio yaliyopangwa yakamilike, sheria hairuhusu abiria. Mumeo analijua hilo vizuri kuliko mimi, nadhani alipomwahidi alikuwa anawaza siku za baadaye na mtoto akasikia kesho. Amrekebishe yeye mwenyewe, leo, kabla shule nzima haijaleta kamera. Ndani ya ndege hiyo patakuwa na kibao kinachomwambia abiria kwamba imejengwa na mtu binafsi, si kiwanda, na haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Hebu wakakibandike pamoja, baba na mwana, wakisome polepole. Wakati anasubiri, EAA ina mpango wa Young Eagles, tangu 1992, wa kuwarusha bure watoto wa miaka 8 hadi 17 na marubani wa kujitolea. Mpeleke wewe. Mtoto aliyetambaa ndani ya mkia wa ndege na kushikilia chuma cha ribiti anastahili kuona mawingu kabla baba yake hajamaliza majaribio.

Na wale wanaomwita mumeo Kapteni kwa dhihaka, mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, wengi bado wanafunzi, waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling na ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Waambie hivyo kwenye kikao kijacho. Useme wewe, mkewe. Yeye hawezi kujisemea.

Sasa Kigamboni. Alikukosea. Kumtaarifu mke si kushauriana naye, na pesa ile ilikuwa ya wote wawili. Sitaki lile la tangi likufanye uone aibu kulidai hili. Lakini usiyachanganye kwenye kikao kimoja, maana atasikia kwamba usalama wake ni kisingizio cha tofali. Subiri mzee arudi, subiri wiki mbili, kisha mketi na karatasi. Wamiliki wengi wa ndege hizi hutafuta mwenza wa kuchangia nusu: nusu ya gharama za banda, nusu ya bima, nusu ya mafuta. Rubani mwenye saa nyingi akinunua nusu ya ndege yenu mnapata pesa ya kuezeka, na mumeo anapata mtu wa kuruka naye. Angalia vilevile bima yenu ya maisha, baadhi zina kipengele kuhusu urubani wa binafsi. Hilo lifanywe kabla ya Mei.

Mzee wa tochi mpigie wewe. Namba yake lazima iko kwenye daftari la kazi au Neema anayo. Usimwombe msamaha kwa niaba ya mumeo, huo atauomba mwenyewe. Mwambie tu kwamba bado kuna sehemu hazijafungwa, na ungependa aje Jumamosi kabla hazijafungwa. Siku hiyo omba usiwe na zamu. Vaa koti zito, chukua chai ya tangawizi kwenye chupa, ingia humo ndani, na mtu akihitaji wa kushika taa, uishike wewe.

Niandikie uniambie alisema nini kuhusu tangi.

Shangazi